Neno «husband» halikutokana na kamba

Mahubiri yalikuwa yamefika mahali pazuri. Mchungaji alikwisha kusoma Waefeso sura ya 5, akafunga Biblia, akamgeukia bwana harusi kwa sauti ya upole kama baba anayemwita mwanawe pembeni. Akasema Waingereza walipompa mume jina walijua wanachofanya. Neno husband, akafafanua, ni house na band, nyumba na kamba: mume ndiye kamba inayoifunga nyumba, na kamba ikikatika nyumba inasambaratika. Kanisa zima likaitikia amina. Mama aliyeketi mbele yangu alitoa kalamu kwenye mkoba akayaandika maneno hayo nyuma ya kadi ya mwaliko.

Bi harusi ni binti wa dada yangu. Siku nne baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. «Shikamoo, mjomba. Ile ya kamba, ni kweli? Maana mwenzangu ameipenda sana, na mimi kuna kitu kimenikaa kifuani.»

Kazi yangu ni kutafsiri, na swali kama hilo silijibu kwa dole gumba kwenye simu. Nilimwahidi kwamba nitaandika. Jibu fupi ni kwamba si kweli. Jibu refu linahitaji twende mbali kidogo, mpaka kwa wakulima wa Skandinavia ya kale, maana neno hili ni lao. Waingereza walilipokea tu.

Katika lugha ya kale ya Waskandinavia kulikuwa na neno húsbóndi. Hús ni nyumba, hapo mchungaji hakukosea. Kosa liko kwenye kipande cha pili. Bóndi ni ufupisho wa búandi, na búandi inatokana na kitenzi búa, yaani kukaa mahali, kuwa na makazi. Kwa hiyo bóndi ni «akaaye». Ni mtu mwenye makazi yake, ardhi yake na mifugo yake, mtu huru asiyeishi chini ya paa la mwingine. Húsbóndi ni huyo huyo anapotazamwa akiwa ndani ya nyumba yake, pamoja na watoto, wazee na watumishi wanaokula chungu kimoja. Serikali zetu zina jina lake hasa: mkuu wa kaya. Karani wa sensa ya 2022 alipofika kwa mama yangu, aliuliza swali hilo hilo akiwa ameshika kishikwambi mlangoni, mkuu wa kaya ni nani. Mama, ambaye ni mjane, akajibu, «Ni mimi,» na karani akajaza, akaendelea na swali linalofuata. Hakuna aliyeuliza ameolewa na nani. Bóndi naye hakuhitaji kuoa ili aitwe bóndi. Alichohitaji ni makazi.

Neno lilivuka bahari pamoja na watu. Mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 865 lilifuata jeshi kubwa ambalo halikuja kupora na kuondoka. Wengi wao waligawana ardhi, wakalima, wakaoa, wakazika wazee wao huko. Alama zao bado ziko kwenye ramani: Grimsby, Whitby, Derby, na miji mingine mingi inayoishia na by, silabi inayotokana na mzizi uleule wa búa, yaani makazi. Mwaka 1016 Cnut wa Denmark alishika kiti cha ufalme wa Uingereza yote. Watu wanapokaa jirani kwa vizazi kadhaa, lugha zao huazimana kama majirani wanavyoazimana moto na chumvi, na Kiingereza kiliazima vitu vya ndani kabisa. Neno lake la sheria ni la Waskandinavia. La dirisha pia, ambalo kwa asili ni «jicho la upepo». Hata they, yaani «wao», kilitoka huko, na ni nadra lugha kuazima kiwakilishi.

Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake la mume, wer, lililomaanisha mwanamume na pia mume, kama ambavyo mke lilikuwa wif, neno lililomaanisha mwanamke tu, awe ameolewa au hajaolewa. Wer na wif, mwanamume na mwanamke. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwa sababu nasi tuko hivyo hivyo. Mume wetu ni ndugu wa murume wa Kishona na umulume wa Kibemba, na mke wetu ni ndugu wa omukazi wa Kiganda. Ni maneno ya Kibantu ya tangu zamani sana, yanayotaja jinsia kabla ya kutaja ndoa. Ndiyo maana mwanamke anaweza kumwita mwenzake «mume wangu» bila kumpa cheo chochote.

Wer alikufa. Leo amebaki amefichwa ndani ya werewolf, yule mtu wa hadithi anayegeuka mbwamwitu, na ndani ya world, dunia, ambayo zamani ilimaanisha «umri wa mtu». Mahali pake pakachukuliwa na mkuu wa kaya wa Kiskandinavia. Mwanzoni Waingereza walilitumia neno hilo kwa maana ile ile ya mwenye nyumba. Ilipofika mwishoni mwa karne ya 13 ndipo linaonekana waziwazi likimaanisha mwanamume aliyeoa.

Mwenye nyumba aligeukaje kuwa mume? Sihitaji kwenda Uingereza kulieleza hili. Nenda nyumba yoyote ya kwetu uulize baba yupo, na mama aliyeketi barazani anachambua mchele atakujibu, «Mwenyewe katoka.» Mwenyewe! Hakutaja mume, hakutaja jina. Ametaja umiliki, na wewe umeelewa anamzungumzia nani. Neno likitumiwa hivyo kila siku kwa miaka 200, watoto wanaozaliwa watalichukua kuwa ndilo neno la mume, na aliyelikumbuka kwa maana yake ya kwanza atakuwa amekwisha zikwa.

Lakini maana ya kwanza haikupotea yote, na ushahidi uko kwenye rafu ya mchungaji mwenyewe. Achukue Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 na Biblia yetu ya Union, azifungue pamoja kwenye Yohana 15:1. Kwa Kiswahili Yesu anasema, «Mimi ndimi mzabibu wa kweli, na Baba yangu ndiye mkulima.» Kwa Kiingereza mkulima huyo ni husbandman. Arudi Mwanzo 9:20, Nuhu anapoanza kuwa mkulima na kupanda mizabibu: ni husbandman tena. Wala hakuna ndoa inayozungumzwa hapo. Ni mtu na shamba lake. Hadi leo ufugaji kwa Kiingereza cha kitaalamu ni husbandry ya wanyama, na wakala anayeshughulikia mambo ya meli kwa niaba ya mmiliki wake, matengenezo, vyakula, karatasi za bandari, huitwa husband wa meli. Kama kitenzi, neno hili humaanisha kutumia akiba kwa uangalifu.

Hapa ndipo ninapoona uzuri ambao mahubiri ya kamba yanaufunika. Ukitaka neno la Kiswahili lililobeba ukoo wote huu, basi liko: bwana shamba. Yule anayefika kijijini na pikipiki yenye matope, anashika jani la muhindi analigeuza upande wa chini, anauliza mbolea iliwekwa lini. Kazi yake ni kutunza. Na tunaye bibi shamba pia, anayeheshimiwa vilevile, maana mmea hauulizi aliyeutazama ni nani.

Mzizi wa búa ulizaa watoto wengi, na mmoja wao alitufikia sisi kwa njia ya mbali. Katika Kiholanzi mkulima ni boer, neno la mzizi huo huo. Wakulima wa Kiholanzi waliokwenda Afrika Kusini wakajiita hivyo, na mwaka 1908 kundi lao likapanda na magari ya ng'ombe mpaka Uasin Gishu, upande wa Eldoret. Sisi tukawaita Makaburu. Kwa hiyo kile kipande cha mwisho cha husband ni ndugu wa damu wa Kaburu. Nayaweka haya mbele ya yeyote anayeamini kwamba asili ya neno hubeba amri. Kama hubeba, ni amri gani iliyomo humu? Mkulima mmoja alilima kwake Iceland kwa amani, na mwingine akawa jina la utawala wa ubaguzi. Mzizi ni mmoja.

Huko Uingereza kwenyewe bóndi hakubaki salama. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, wakulima wengi waliokuwa huru walifungwa kwenye ardhi ya mabwana wapya, na neno bonde, yaani bóndi kwa Kiingereza cha wakati huo, likashuka nao. Lililokuwa la mtu huru mwenye makazi yake likawa la mtu asiyeweza kuhama bila ruhusa. Kutoka hapo ndipo likazaliwa bondage, utumwa. Wasomaji wengi wa Kiingereza hudhani bondage limetokana na kufungwa kamba, na kwa kuwa maneno yanafanana, maana zikaingiliana kweli. Ni kosa lile lile la mchungaji, ila hili lilikosewa na taifa zima.

Na kamba yenyewe, basi, ilitoka wapi? Haikuanzia kwenye mitandao, na mchungaji hakuitunga. Thomas Tusser, mkulima na mshairi wa Kiingereza aliyechapisha beti za ushauri wa kilimo mwaka 1573, aliuliza ndani yake jina la husband lasemaje, akajijibu kwamba ndiye kifungo na mhimili wa mke na nyumba. Alicheza na sauti za maneno, kama washairi wafanyavyo, na kama malenga wetu wafanyavyo kila siku. Simlaumu. Ila mchezo wa mshairi ulipokaa karne kadhaa ukavaa joho la elimu. Karne ya 19 waandishi wakubwa wa Uingereza waliukumbatia, wakauongezea kwamba mke, wife, maana yake ni mfumaji wa nguo. Hilo nalo halina uthibitisho. Wif ni mwanamke, na nyuma ya hapo hakuna mtaalamu aliyeweza kufika kwa uhakika.

Nataka nikae kidogo kwa mke, kwa sababu yeye ndiye aliyeumizwa na lugha hii, na mahubiri hayamtaji. Kiingereza kilimpa mwenye nyumba mwenzake: huswif, mwanamke wa nyumba. Walianza sawasawa, mmoja nyumba na bóndi, mwingine nyumba na wif. Huyo wa kwanza alipanda: jina lake likawa la mume, la mkulima, la mtu mwangalifu wa mali. Wa pili alibanwa mdomoni kwa kutamkwa harakaharaka mpaka akawa hussy, na hussy ikawa tusi la mwanamke asiye na adabu. Kiingereza kilipotaka tena jina la heshima kwa mama wa nyumbani, ilibidi kiunganishe upya vipande vile vile viwili, house na wife. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Nyumba ni moja, kazi ni ya wawili, na tusi likamwangukia mmoja.

Kwa Waskandinavia wenyewe haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwenzake húsbóndi aliitwa húsfreyja, bibi wa nyumba, na wachimbuaji wa makaburi ya wakati huo wamekuta baadhi ya wanawake wamezikwa na funguo zao. Funguo za ghala na za kasha. Kwetu pia, ukitaka kujua nani anaendesha nyumba, usitazame nani ameketi kiti cha mbele. Tazama funguo ziko kwenye khanga ya nani.

Sasa, kuna watakaosema: basi, umetupa asili ya kweli, kwa hiyo tuhubiri hiyo. Tuseme mume maana yake ni akaaye nyumbani, tuwaambie wanaume warudi mapema. Naona utamu wake. Sisi neno «wa nyumbani» tunampa mama, na hapa Kiingereza kinamwita baba «mkaa nyumbani» bila yeye kujua. Hata hivyo siwezi kuliunga mkono, kwa sababu tatizo la mahubiri yale halikuwa kamba peke yake. Tatizo ni kudhani kwamba neno lilivyoanza ndivyo watu wanavyopaswa kuishi. Shule tumeichukua kwa Wajerumani, nao waliipata kwa Walatini, nao kwa Wagiriki, ambao kwao neno hilo lilimaanisha wakati wa mapumziko. Hakuna mwalimu anayewaachia watoto saa tatu asubuhi kwa ajili ya Mgiriki. Bwana harusi wa Kiingereza cha kale aliitwa brydguma, mwanamume wa bi harusi. Guma ilipokufa watu hawakuielewa tena, na katika karne ya 16 wakaweka mahali pake groom, kijana wa kazi. Tukihubiri asili, tutamwambia nini bwana harusi huyo kuhusu nafasi yake?

Maneno yanatuonyesha jambo jingine, na ndilo ninalolithamini. Yanatuonyesha nani alikuwa na mali wakati neno linaundwa. Kiebrania cha Biblia kilikuwa na njia mbili za kumtaja mume. Moja ni ish, mtu, mwanamume. Nyingine ni baali, bwana, mmiliki, na Kiarabu kina neno hilo hilo: katika Kurani, Sura Hud aya ya 72, mke wa Ibrahimu anamwita mumewe kwalo akishangaa kwamba ni mzee. Kiswahili nacho kina mume na kina bwana, na bwana ni yule yule aliyekuwa na watumwa, na ndiye wa bwana mkubwa, bwana afya, na Bwana Mungu. Kila lugha ya jamii iliyomilikisha nyumba kwa wanaume ilijikuta na neno la aina hiyo. Lakini soma Hosea 2:16, ahadi ambayo sijawahi kuisikia harusini: «utaniita Ishi, wala hutaniita tena Baali.» Nabii anaweka maneno mawili ya mume mkabala na kuchagua moja. Anamtoa mmiliki, anamwingiza mtu. Mchungaji anayependa asili ya maneno angepata mahubiri ya mwaka mzima katika mstari huo, na bila kuazima chochote kwa Waingereza.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kamba ina madhara. Mwanamke aliyefundishwa kwamba nyumba inasimama kwa kamba ya mume atavumilia chochote ili kamba isikatike. Na mwanamume aliyepoteza kazi, anayetazamwa na mke kila asubuhi wakati mke huyo ndiye anayetoka kwenda sokoni, atajiona kamba iliyooza, wakati nyumba yake imesimama vizuri tu mikononi mwa watu wawili. Nimewaona wote wawili katika ukoo wetu.

Waingereza wenyewe waliifuata maana ya mwenye nyumba mpaka mwisho wake. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha maelezo yake ya sheria za nchi hiyo mwaka 1765, aliandika kwamba kwa ndoa mume na mke huwa mtu mmoja mbele ya sheria, na mtu huyo kwa vitendo alikuwa mume. Mshahara wa mke ulikuwa wa mume. Iliwachukua mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa akaweza kumiliki mali kwa jina lake kama mwanamke asiyeolewa. Neno halikubadilika herufi hata moja. Kilichobadilika ni hati.

Kwetu pia mabadiliko yalikuja kwa njia ya hati na hukumu. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Ndoa tangu 1971, na kifungu cha 114 kikatoa ruhusa ya kugawana mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Ubishi ukabaki: kupika, kulea na kufua ni juhudi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema ndiyo, kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali. Kenya ikaandika jambo hilo waziwazi katika sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, na katika orodha ya michango inayohesabiwa, pamoja na kazi za nyumbani na malezi ya watoto, imo kazi ya shamba. Kazi ya shamba, ile ile iliyompa bóndi jina lake, sasa inahesabiwa kwa yeyote aliyeishika jembe.

Binti wa dada yangu amenipigia wiki iliyopita. Nilimsomea sehemu za makala haya kabla sijayapeleka, naye akanisomea karatasi aliyokuwa ameishika: wamepata kiwanja. Hati ya mauziano waliyopewa ofisi ya mtaa ilikuwa na nafasi moja tu ya jina la mnunuzi. Mumewe alikwisha kuandika lake, kwa herufi kubwa, limejaza mstari wote. Akamrudishia kalamu karani, kisha akaichukua tena, akampa mkewe. Jina lake limeingia hapo juu ya mstari, kwa herufi ndogo zilizobanana, na mhuri wa mtaa umegongwa juu ya majina yote mawili.